Lenzi ya skopu kwenye projekta ya nyumbani: anza na kishikio

Anayenipigia simu kuhusu lenzi ya skopu huanza na bei. Lenzi ya Kowa ni kiasi gani, ya Sankor ni kiasi gani, nani anatoka Ubelgiji mwezi huu anaweza kuibeba kwenye mzigo wake. Mimi namuuliza: utaishikisha na nini? Kimya. Kumbe hapo ndipo kazi yote ilipo. Lenzi utaipata, hata ikichelewa. Kishikio hakuna wa kukuletea. Viwanda viliwahi kuuza vishikio vya projekta zao, lakini huku kwetu mimi sijakutana na hata kimoja.

Kwa ambaye jambo hili ni geni: picha ya filamu ya skopu imeminywa kwa upana hadi nusu, ili ienee kwenye filamu ya kawaida. Ukiionyesha hivyohivyo utaona watu warefu wembamba na magurudumu ya gari kama mayai yaliyosimamishwa. Lenzi ya skopu hukaa mbele ya lenzi ya projekta na kuitanua picha kwa upana peke yake, kimo haikigusi. Mfaransa Henri Chrétien aliibuni katika miaka ya 1920 akaiita Hypergonar, lakini ulimwengu uliijua mwaka 1953, pale kampuni ya 20th Century-Fox ya Marekani ilipoitoa kwa jina la CinemaScope. Filamu za namna hiyo zilichapwa pia kwa 16 mm, yaani filamu yenye upana wa milimita 16, na bobini zangu za filamu zilitoka kwenye stoo ya shule moja hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, iliyokuwa inatafuta nafasi ya kuweka madawati.

Sasa kishikio. Wengi hufikiria pete: uchonge pete ya alumini, uifunge lenzi ya skopu moja kwa moja kwenye mdomo wa lenzi ya projekta. Usifanye hivyo. Lenzi hizi ni vioo vinene ndani ya chuma, nyingine zinapita nusu kilo, na kwenye projekta nyingi za Super 8, zile za filamu ndogo ya milimita 8, kinachobeba lenzi ni plastiki. Hata kama yako ni chuma kitupu, liko tatizo kubwa zaidi. Kwenye projekta nyingi za 16 mm, unatafuta ukali wa picha kwa kuizungusha lenzi yenyewe. Lenzi ya skopu ina juu yake na chini yake. Ikizunguka pamoja na ile ya nyuma, kila ukigusa ukali wa picha, nyumba na watu wote wanainama upande mmoja.

Kwa hiyo isimame peke yake. Mimi nimetumia ubao mmoja mzito. Miguu ya projekta inaingia kwenye vishimo vinne nilivyotoboa, haisogei. Mbele ya ubao kuna kornieri, yaani chuma cha pembe, iliyochongwa mwanya wa kusimama, ili kimo kiweze kupandishwa na kushushwa. Juu ya kornieri kuna pete pana kidogo kuliko lenzi, na visi (skrubu) tatu zinazoibana kutoka pande tatu. Ncha za visi nimezivisha ngozi zisikwaruze. Ukizilegeza kidogo, lenzi inazunguka, ukizikaza, inatulia. Chini ya pete weka bawaba, maana si kila filamu uliyonayo ni ya skopu: unaigeuza pembeni unaendelea na filamu ya kawaida bila kupoteza mpangilio wako.

Katika hili Lubumbashi tunayo bahati. Mji uliolelewa na Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, haukosi mzee tuneri, fundi wa kuchonga chuma, mwenye mashine nyuma ya nyumba. Mpelekee lenzi yenyewe, usimpelekee namba ulizopima nyumbani. Papa anayenifanyia kazi kule mtaa wa Kamalondo husema, "Mwanangu, rula ni ya shule," kisha anachukua kipimo chake mwenyewe. Ila usikubali lenzi ifungwe kwenye mashine hata dakika moja. Ipimwe, irudi mfukoni mwako.

Upande mdogo wa lenzi unaangalia projekta, upande mkubwa unaangalia skrini. Isogeze karibu na lenzi ya projekta kadiri inavyowezekana bila kugusana, ukiacha nafasi ya ile ya nyuma kutoka na kuingia unapotafuta ukali. Ikiwa mbali sana, kingo za picha zinaingia giza. Giza hilo hilo utalipata ukiwa na lenzi fupi nyuma, yaani yenye milimita chache. Kwa 16 mm, lenzi ya milimita 50 inakubali vizuri. Kwenye Super 8 yenye zoom, ipeleke upande wa picha ndogo.

Kuipanga ni kazi ya jioni moja, na huhitaji filamu. Washa taa bila filamu, bila lenzi ya skopu, upate kwenye ukuta lile umbo la mstatili wa mwanga. Weka alama za chaki kwenye pembe zote nne. Halafu ingiza lenzi ya skopu. Mstari wa juu na wa chini unatakiwa kubaki palepale ulipokuwa, na mwanga utanuke kushoto na kulia kwa kiasi kilekile. Ukitanuka zaidi upande mmoja, lenzi imegeuza uso: irudishe iangalie mbele sawasawa. Pembe moja ikiwa na giza, lenzi yote imesogea, imepanda au imeshuka. Na mstatili ukilala kama umesukumwa, legeza visi uizungushe polepole mpaka mistari ya pembeni isimame wima. Kupinda kidogo kwenye kingo kusikusumbue.

Ukali wa picha ndio unaowachosha watu, kwa sababu sasa una lenzi mbili na kila moja ina pete yake. Wanazungusha hii, wanazungusha ile, picha inazidi kuwa ukungu. Kumbe kila moja ina kazi yake. Lenzi ya skopu haina nguvu yoyote kwenye kimo, kwa hiyo mistari ya kulala inategemea lenzi ya projekta peke yake. Weka filamu, tafuta picha yenye paa, meza au upeo wa macho, uzungushe lenzi ya projekta mpaka mstari huo uwe mkali. Usiiguse tena. Ndipo ushike pete ya umbali ya lenzi ya skopu, uangalie nguzo, milango, herufi zenye miguu ya kusimama, mpaka nazo zikae. Tangu nishike utaratibu huu sihangaiki. Kama pete ya umbali haizunguki kabisa, grisi yake imekauka. Ni ugonjwa wa kawaida wa lenzi zilizokaa miaka mingi.

Pima chumba kabla ya kununua skrini. Dirisha la filamu kwenye projekta ya 16 mm lina upana wa karibu milimita 9,65 na kimo cha kama 7,2. Zidisha kwa umbali, gawanya kwa milimita zilizoandikwa kwenye lenzi ya projekta. Kwa mita 5 na lenzi ya 50 unapata upana wa mita 0,97 na kimo cha 0,72. Ukiweka skopu, upana unakuwa 1,93 na kimo kinabaki 0,72. Nyumba nyingi za hapa mjini, kwenye mitaa ya Kenya au Katuba, sebule yake haina mita 5, basi hesabu kwa umbali ulionao.

Mwanga uleule sasa unafunika eneo mara mbili, kwa hiyo picha inafifia. Dawa si kutafuta balbu kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye mashine. Kama inataka ya volti 24 na wati 250, ibaki hiyo; joto likizidi litaanza na filamu yako. Punguza umbali, ziba madirisha. Na kama delestaji, yaani mgao wa umeme, imekuweka kwenye grupu (jenereta), acha grupu itulie kwanza ndipo uwashe projekta.

Kabla ya kutuma pesa, mwulize muuzaji lenzi inatanua mara ngapi. Kowa 16-H inatanua mara 2, na hiyo ndiyo filamu za skopu zinachotaka. Zipo nyingine, kama Iscorama, zinazotanua mara 1,5: ni lenzi nzuri sana kwa mwenye kamera, lakini mbele ya filamu ya skopu zitakuachia watu bado wembamba. Ukiwa na shaka, onyesha kitu cha mviringo, saa ya ukutani au gurudumu, ukipime kwenye skrini kwa upana na kwa kimo.

Mwombe pia apige picha akimulika tochi ndani ya kioo. Kuvu huonekana kama nyuzi nyeupe, na masika yetu ya Novemba mpaka Aprili huipenda sana. Ikiwa nje, futa. Ikiwa ndani, mimi siinunui: vioo vya ndani vimekatwa kama mapande ya mtungi na vimepangwa kwa kuelekeana, na fundi akivifungua ni vigumu sana kuvirudisha vilivyokuwa.