Barua kwa mwanangu: baridi ya Juni hununuliwa Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Njombe. Sisi hatujambo. Baba yako goti linamsumbua asubuhi, jua likipanda analisahau anakwenda kubishana na vijana wa parachichi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani, sijui nilitegemea miwani inisaidie nini. Unauliza: kwa kuwa kituo chako kipya ni Makete na watu wanawatisha na baridi ya huko, mkope kwenye kikoba mnunue hita ya umeme ya chumba cha watoto, au jiko la mkaa litatosha? Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utanikatiza.

La mkaa nalimaliza hapa hapa. Hapana. Jiko la mkaa halilali chumba kimoja na wajukuu wangu. Wewe ni muuguzi, unajua kuliko mimi kwamba kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na mtu anapitiliza usingizini. Watu wanajidanganya kwamba mkaa ukishakolea, moshi ukaisha, basi hatari imeisha. Moshi angalau unakukohoza ukaamka. Ule mkaa mwekundu unaopendeza macho, ndio huo. Kila kipupwe tunasikia habari ile ile: wamefunga madirisha, wamelala na jiko, asubuhi majirani wanavunja mlango. Mkwe wangu mwambie nimesema mimi.

Hita nitaifikia. Kwanza na mimi nikuulize: leo ni Februari, mmeshanunua nini? Maana baridi ya Juni hununuliwa Februari. Najua umecheka, na kaka yako ukimsomea naye atacheka, mmeusikia wimbo huu tangu mkiwa na meno ya utoto. Lakini nyie mlikuwa mnavaa tu. Hamkujua makoti yalitoka wapi.

Kumbuka nyumba yetu ya walimu, Makete, kabla hatujahamia Morogoro. Bati tupu, hakuna dari. Tulifika Mei, tumeshuka kwenye lori na magodoro mawili na wewe umelala begani, na wiki iliyofuata baba yako akaitwa kozini Dodoma. Juni ikatukuta hivyo. Usiku bati linapoa, pumzi zetu zinapanda zinageuka maji, alfajiri yanaanza kudondoka juu ya shuka, tone moja moja, ukisogeza mtoto huku linamfuata huko. Kaka yako kifua kikaanza. Nikasema liwalo na liwe, nikaenda kwa shangazi yako kuomba blanketi.

Lile la kijivu, unalijua. Alinipa, sikatai. Lakini alinipa mbele ya wanawake wenzake waliokuwa wanachambua maharage uani, akasema, "Mwalimu mzima, Juni imekukuta kama mgeni!" Wakacheka wote. Na mimi kweli nilikuwa mgeni! Mei ndiyo tumefika! Ningejiandaa lini, na nani aliniambia kwamba kule jioni mbingu ikiwa nyeupe bila wingu na upepo umetulia, alfajiri unakuta majani ya viazi yameganda, na jua likiyapiga yanakuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto? Hilo nililiona kwa macho yangu ndipo nikajua.

Nisimsingizie uchoyo. Alikuwa na watoto wanne na mama mkwe ndani, na yale mablanketi aliyakusanya moja moja kila alipouza viazi. Angekuwa mchoyo asingelitoa kabisa. Sawa. Lakini Agosti haijaisha, asubuhi bado unatembea na mikono kwapani, akamtuma mtoto alifuate. Na yule mtoto, maskini, ametumwa tu, akasimama mlangoni akalikunjua lote, akaliinua juani, akaanza kulikagua pembe hadi pembe. Nikamuuliza unatafuta nini? Akasema, "Mama amesema niangalie kama halina tundu." Halikuwa na tundu. Nimefundisha watu kusoma miaka mingi, nimesahau majina ya wengi wao, lakini mikono ya yule mtoto ikilipapasa lile blanketi sijaisahau hadi leo.

Februari iliyofuata nilikwenda mnadani. Mvua ilikuwa imeacha siku mbili, jua linawaka kweli, watu wananunua sandarusi za mbegu na madaftari, na mimi nimeinama kwenye fungu la makoti ya mitumba. Yule kijana muuzaji aliniita mama wa Ulaya. Mwezi ule koti ni mzigo kwake, linamjazia nafasi, anataka liondoke apange fulana. Nikachukua ya watoto makubwa kuliko miili yenu, mikono mnakunja, ili yafike na mwakani. Nikachukua soksi za sufu na mizula, fungu zima, kwa bei ambayo Juni usingepata hata mzula mmoja na kipande. Walimu wenzangu walinitania wiki nzima. Mwalimu mkuu akaniuliza kama nimehamishiwa Urusi.

Juni ikaja. Unadhani nani alipiga hodi akiuliza kama lipo koti moja la ziada, mtoto wake wa tatu asubuhi anatetemeka njiani kwenda shule? Nilimpa. Lile jekundu lenye vifungo vya mbao, ambalo wewe ulilililia. Wala sikusema neno. Baba yako anasema nilisema. Yeye alikuwa chumbani, atasikiaje?

Basi tuje kwenu. Msianze na chombo, anzeni na nyumba. Joto linapotelea juu, na nyumba zile nyingi hazina dari. Dari ya fundi ni hela, najua. Lakini viroba vikifuliwa, vikashonwa viwili viwili, vikakazwa kwenye fito chini ya kenchi za chumba cha watoto peke yake, vinazuia hewa ya moto isikimbilie kwenye bati na vinazuia yale matone. Chumba kimoja tu. Kosa la watu wengi ni kutaka kupasha nyumba nzima. Chagueni chumba kidogo, kisicho upande wa upepo, Juni hadi Agosti watoto wote walale humo. Sebule iache ipigwe na baridi, wageni wenyewe watakaa na makoti.

Milango ya huko inatengenezwa kwa mbao mbichi, ikikauka inapinda, chini panabaki nafasi ya kupita paka. Chukua suruali kuukuu ya mkwe wangu, kata mguu mmoja, ujaze maranda ya kiwanda cha mbao, shona pande zote mbili, ulaze chini ya mlango kila jioni. Maranda wanakupa bure. Madirisha ukute vioo vimelegea, umwite fundi sasa akiwa hana kazi, usimwite Juni akiwa anaitwa na mji mzima. Ila usizibe kila kitundu. Vile vitundu vya juu ya dirisha viache, watoto wakilala wengi kwenye chumba kisichopitisha hewa wanaambukizana vikohozi, na wewe utakuwa wa kwanza kulaumu baridi.

Chini ya godoro nako watu hawaangalii. Wanarundika mablanketi matatu juu na sakafu ya saruji inawanyonya kutokea chini. Tandika maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka, ndipo godoro. Blanketi moja la chini linashinda mawili ya juu, hata kama kitanda kina chaga. Na usiku mtoto akilala na soksi na mzula, nusu ya kazi umeimaliza.

Kuni. Nunua mabanzi, usinunue mkaa mwingi. Maeneo yale ya misindano kila kona kuna mashine ya kupasua mbao, na sasa hivi kwenye mvua mabanzi yanalowa tu, wanayauza rahisi. Yapange upenuni juu ya matofali, yasiguse ardhi, magome yaangalie juu, upepo upite katikati. Mkiyaacha yapigwe na upepo kuanzia sasa, Juni yatashika moto bila kuwatoa machozi. Ukinunua Juni utauziwa mabichi kwa bei ya makavu, na moshi wake ndio utakaowakohoza watoto kuliko hiyo baridi. Jikoni tofali la kuchoma likae kando ya moto wakati mnapika ugali. Wakati wa kulala unalifunga kwenye kitenge kizito unaliweka miguuni kwa mkubwa. Kwa kichanga usiweke, wewe mwenyewe unajua.

Chakula sina mengi. Maharage na mahindi mnunue mkiona bei imelala, viazi vikae gizani visije vikawa kijani. Hayo uliyaona nyumbani.

Sasa hita. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu, kwa sababu wauzaji hawapigi. Hita ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo inakula uniti 2 kila saa. Iwashe kwa muda wa saa 4 tu kila jioni, ni uniti 8. Usiku kumi, uniti 80. Nyie matumizi yenu ni taa, simu na televisheni, mmo kwenye lile kundi la nafuu la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Kwa hiyo hamjafika hata katikati ya Juni mmeshavuka, na mwezi mzima ni uniti 240, na hapo bado hamjalipa rejesho la kikoba. Tena umeme ukikatika, hita ni stuli. Kwa hela ya hita hiyo ungepata viroba, fito, ujira wa fundi, mabanzi ya msimu, na mablanketi mawili mapya ambayo hakuna mtu atakayekuja kuyakagua.

Lakini nikisema msinunue nitakuwa najibu kama mtu wa nyumba ile ya zamani. Nyie mna kichanga, sisi hatukuwa nacho Makete. Kumwogesha mtoto wa miezi minne kwenye chumba kilichopashwa nusu saa, ni uniti 1 tu, na hiyo uniti nani ataionea uchungu? Kama hita ingekuwepo wakati ule, na hela ingekuwepo, ningesimama mlangoni kwa shangazi yako? Nisingesimama. Halafu naona kwamba mtu akishakuwa na hita ukutani hashoni kiroba wala hakati suruali, anabonyeza tu, na Julai deni linamkuta. Halafu naona tena kwamba mkwe wangu si mtu wa hivyo. Baba yako anasema nikuambie wazi moja au nyingine. Sikuambii. Nyumba ni yenu na kikoba ni chenu. Ila ningekuwa mimi, ningeanza na viroba, nikaangalia Mei hali ikoje.

Hiyo Mei ndiyo tatizo, bei zitakuwa zimepanda. Haya, mtajua wenyewe.

Jumamosi hii usiende mnadani na mkwe wangu, anaona aibu kupatana bei. Nenda na jirani anayejulikana. Watoto uwapime kwa kamba mabegani na mikononi, uongeze vidole vinne, maana ukibeba nguo zao za sasa utanunua za mwaka huu tu. Makoti ukifika nayo nyumbani yachemshie maji, yafue, uyapige pasi kwenye mishono. Zipu ijaribu pale pale kabla hujatoa hela.

Na mkiamua kununua hiyo hita, isichomekwe kwenye ile ekstensheni nyeupe mliyokuja nayo Krismasi, ilikuwa inapata moto kwa pasi tu. Ichomekwe ukutani moja kwa moja, na fundi aangalie waya za nyumba kwanza. Wasalimie wote. Baba yako anaomba umtafutie ile dawa ya kuchua ya kopo la kijani, hapa mjini imeisha.

Mimi mama yako.