Maswali na Majibu: Ngano, Ukame na Joto

SWALI: Tafadhali nitajie mbegu ya ngano inayostahimili ukame. (Wasomaji kadhaa, Narok, Hanang na Karatu)

JIBU: Swali hili hunifikia kila msimu, na karibu kila mara huja bila tarehe ya kupanda na bila kueleza mvua ilikatika lini. Mtu anayeuliza hivyo siwezi kumtajia mbegu, kwa sababu ukame si kitu kimoja. Mvua inayokatika ngano ikiwa na majani matatu na ile inayokatika suke likiwa linajaza punje ni maadui wawili, na jeni zinazomkabili mmoja huenda zisimguse mwingine. Aina inayowahi kukomaa itamwokoa mkulima ambaye mvua humkatikia mwishoni, lakini mwaka wa neema itamnyima magunia ambayo aina ya kuchelewa ingempa.

Kwa hiyo, kabla ya kuniandikia tena, ingia shambani ngano ikikaribia kuvunwa. Chuma masuke kumi katika sehemu mbalimbali, yafikiche kiganjani moja baada ya jingine, puliza makapi, kisha hesabu punje na uzitazame vizuri. Ukikuta punje chache lakini nene, na ncha ya suke ikiwa tupu, mmea uliumia kabla ya kuchanua au wakati wenyewe wa kuchanua, chavua ikashindwa kufanya kazi yake. Ukikuta punje nyingi lakini nyembamba na zilizokunjamana, uliumia baadaye, wakati wa kujaza. Idadi ya punje na uzito wa punje huongozwa kwa sehemu kubwa na jeni tofauti, na mara nyingi kimoja kikipanda kingine hushuka. Nitumie hesabu hiyo pamoja na tarehe za kupanda na kuchanua, nami nitakuwa na la kusema.

SWALI: Je, wanasayansi wamekwisha kuipata jeni ya ukame? (Nakuru)

JIBU: Hapana, wala tusiingoje. Ngano ya mkate ina kromosomu 42 zilizotokana na mababu watatu, na ramani ya jenomu yake, yaani jumla ya jeni na urithi wake wote, iliyochapishwa mwaka 2018 ilionyesha jeni zaidi ya 100,000. Mavuno ni kazi ya jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na mchango wenyewe hubadilika shamba likibadilika. Lipo pia kosa la zamani ambalo bado linarudiwa: jeni inasifiwa kuwa ya ukame, kumbe inaufanya mmea uchanue mapema tu, ukakwepa kiu badala ya kuistahimili.

Ndiyo maana naithamini sana kazi ya CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, huko Ciudad Obregón, Meksiko, ambako watafiti walichanganya ngano mbili, Seri na Babax, wakapata kizazi ambacho mimea yake haipishani sana kwa kimo wala kwa siku za kukomaa. Humo, eneo moja la kromosomu 4A lilieleza asilimia 27 ya tofauti za mavuno wakati wa ukame na asilimia 17 wakati wa joto. Katika kizazi hichohicho, mimea ambayo majani yake hubaki yamepoa mchana ilikutwa na mizizi iliyozama zaidi, yaani ilikuwa ikinywa maji ambayo wenzake hawakuyafikia. Hata hivyo sehemu kubwa ya tofauti za mavuno haikutokana na eneo hilo, na anayetaka kuuza mbegu kwa sifa ya jeni moja anapaswa kuukumbuka ukweli huo.

SWALI: Ninamwagilia vya kutosha, lakini punje bado ni ndogo. (Morogoro)

JIBU: Hilo ni joto. Ngano hujaza punje vizuri nyuzijoto zikiwa karibu 20 au chini yake. Zikizidi sana, muda wa kujaza hufupika na kazi ya kutengeneza wanga hudhoofika, hata udongo ukiwa na maji. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa kila nyuzijoto moja inayoongezeka huweza kupunguza uzalishaji wa ngano duniani kwa asilimia 6. Sogeza tarehe ya kupanda ili ngano ijaze punje katika miezi ya baridi, au tafuta shamba la nyanda za juu.

SWALI: Kaka yangu aliyeko Ujerumani anaweza kunitumia mbegu za huko zinazozaa sana. Nizipande?

JIBU: Usizipande. Nyingi huhitaji wiki kadhaa za baridi kali ndipo zichanue, na mbegu inayoingizwa bila kibali cha afya ya mimea inaweza kuleta ugonjwa usiokuwapo nchini.

SWALI: Je, tungoje ngano ya HB4? (Eldoret)

JIBU: Ngano hiyo ya Argentina imewekewa jeni ya alizeti ili istahimili ukame, kutokana na utafiti wa Raquel Chan na wenzake, na Argentina iliidhinisha mwaka 2020. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini jeni ya kiu haizuii kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu, na sisi ndio majirani wa kwanza wa Ug99, aina hatari ya kutu hiyo iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998. Mbegu yoyote ya ukame ambayo haijapita katika majaribio ya kutu kama yale ya Njoro, Kenya, msiiguse.

SWALI: Nilifukia mbegu chini sana ili ifikie unyevu, na nusu haikuota. Niliuziwa mbegu bandia? (Timau)

JIBU: Yawezekana mbegu ilikuwa halali kabisa. Ngano nyingi fupi za leo zina jeni za ufupi, Rht-B1b au Rht-D1b, zilizotoka katika ngano ya Kijapani iitwayo Norin 10. Jeni hizo hufupisha bua, na hufupisha pia ala nyembamba inayolifunika chipukizi likitoboa udongo. Ala ikiishia njiani, jani hujikunja chini ya ardhi na kufa. Chimbua mstari mmoja utaliona, jeupe na limekunjwa kama kiwavi. Zipo jeni nyingine za ufupi, kama Rht8, zisizoifupisha ala hiyo, na ningependa waboreshaji mbegu wetu wazitumie zaidi kwa mashamba makavu. Kwa sasa panda sentimita 3 hadi 5, na upime kwa rula.