Maswali ya Wasomaji: Nini Kiandikwe Katika Kitabu cha Wahitimu?

SWALI: Shikamoo mwandishi wa safu hii. Mimi ni katibu wa kamati ndogo inayokusanya habari za wenzetu tuliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi na ualimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2014, ili tuchapishe kijitabu cha kumbukumbu. Tuliwatumia wenzetu fomu yenye nafasi tatu: cheo cha sasa, mwajiri, na tuzo au shahada zilizoongezeka. Waliojibu upesi ni wenye vyeo. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akituongoza sote katika fizikia, ambaye sasa anafundisha sekondari ya kata wilayani Kasulu, alirudisha sentensi moja tu: "Mimi sina jipya, bado ni mwalimu." Mwingine anayelima parachichi Njombe hakujibu kabisa. Je, tuchapishe tulichonacho, au ipo njia ya kuwafanya na hawa waandike?
Katibu wa kamati, Dodoma

JIBU: Marahaba, ndugu katibu. Msichapishe bado. Kasoro haiko kwa mwenzenu wa Kasulu, iko kwenye fomu mliyomtumia, kwa kuwa mtu akiulizwa cheo, mwajiri na tuzo, na hana cheo kipya wala tuzo, jibu lake la kweli ni kwamba hana jipya. Amewajibu kwa uaminifu. Mlichokosa kumuuliza ni kazi aliyoifanya.

Tazameni jinsi fomu hiyo ingewasoma baadhi ya wahitimu ambao chuo chenu kinajivunia. Asha-Rose Migiro alipata shahada ya kwanza ya sheria hapo Mlimani mwaka 1980, na ya uzamili mwaka 1984. Kamati ya wenzake ingemletea fomu yenu baada ya miaka kumi, angejaza kwamba ni mwalimu wa sheria chuoni, kwa sababu hata shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, ilikuwa bado mbele yake. Aliipata mwaka 1992. Uwaziri ulimjia mwaka 2000, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Wizara ya Mambo ya Nje ya Tanzania mwaka 2006, na mwaka uliofuata akaenda New York kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, wadhifa alioushika hadi 2012. Yaliyomfikisha huko yalijengwa katika miaka ile ambayo fomu ingeiona kuwa mitupu: miaka ya kufundisha, kusahihisha mitihani na kuongoza idara ndani ya kitivo.

Mfano wa pili unawahusu zaidi ninyi mliosomea sayansi na ualimu kwa pamoja. Hayati John Magufuli alipitia njia hiyo hiyo. Alifundisha kemia na hisabati Sengerema kabla ya kujiunga na chuo kikuu, akapata shahada ya kwanza mwaka 1988, kisha akawa mkemia katika Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, Mwanza, mpaka alipoingia bungeni mwaka 1995. Shahada ya uzamivu katika kemia aliipata mwaka 2009, miaka ishirini na moja baada ya ile ya kwanza, akiwa tayari waziri. Wengi wanaukumbuka urais wake na uwaziri wake wa ujenzi, lakini ni wachache wanaoweza kueleza alichokitafiti. Alishughulikia mafuta yanayotoka kwenye ganda la korosho, yale makali yanayowababua mikono wabanguaji, na akachunguza namna yanavyoweza kutengenezwa kuwa rangi ya kuzuia chuma kisishike kutu. Mkulima wa Mtwara au Lindi anajua kwamba ganda hilo kwa kawaida ni taka. Kuuliza taka hiyo inaweza kufaa nini ni kazi ya mwanasayansi aliyeitazama nchi yake kwa makini, na ningependa sana kuona kitabu cha wahitimu chenye nafasi ya kueleza jambo kama hilo kwa sentensi tatu au nne, badala ya kuandika "PhD, 2009" na kwenda mstari unaofuata.

Wapo pia ambao cheo chao hakikubadilika sana na bado kazi yao imewafikia watu wengi kuliko ya mawaziri kadhaa. Profesa Issa Shivji alimaliza sheria mwaka 1970 na akafundisha kitivo hicho hicho hadi alipostaafu mwaka 2006. Katika fomu yenu angejaza neno "mwalimu" kwa miaka thelathini na sita. Lakini mwaka 1991 aliteuliwa kuongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, tume iliyofanya mikutano ya hadhara vijijini na mijini, ikawasikiliza wakulima na wafugaji wakieleza nani kachukua shamba la nani na kwa barua ya ofisi gani. Serikali haikuyakubali mapendekezo yake yote, na yeye mwenyewe aliendelea kuzikosoa sheria zilizofuata. Hata hivyo, ni vigumu kuzungumzia Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 bila kurejea taarifa ya tume ile. Hiyo ni hatua kubwa ya kitaaluma ambayo haina cheo cha kudumu cha kuandikwa mbele ya jina.

Sasa turudi Kasulu. Mrudieni mwenzenu, na safari hii mmpigie simu badala ya kumtumia karatasi. Muulizeni aliikutaje shule siku aliyoripoti. Palikuwa na mwalimu mwingine wa fizikia, au alipewa kidato cha kwanza hadi cha nne peke yake? Maabara ilikuwa na nini ndani? Alifanyaje mtihani wa vitendo pale ambapo vifaa havikutosha? Ni wanafunzi wake wangapi wamekwenda kidato cha tano kuchukua masomo ya sayansi, na kabla yake walikuwa wakienda wangapi? Mtu aliyewaongoza katika fizikia hawezi kukosa majibu ya maswali haya, na nina hakika atayatoa kwa urefu, kwa sababu ni mambo anayoyaishi kila siku na pengine hakuna aliyewahi kumuuliza. Mkisha kuyaandika, mrudishieni ayasome na kuyasahihisha kabla ya kuchapa.

Mkulima wa parachichi naye aulizwe mambo ya kazi yake: alianza na miche mingapi, alisubiri muda gani kabla ya mavuno ya kwanza, nani ananunua, na elimu ya sayansi aliyoipata Mlimani inamsaidia wapi shambani na haimsaidii wapi. Akikataa, heshimuni kukataa kwake. Kunyamaza kwa mtu si lazima kuwe haya. Wapo wanaougua au kuuguza, na wapo ambao hawataki habari zao zisambae. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu ninyi pia, kwa hiyo namba za simu, anwani na mishahara visiingie kitabuni, na kila mtu aridhie kwa maandishi kile kinachomhusu.

Jambo la mwisho kwenu. Wenye vyeo msiwapunguzie nafasi kwa kudhani kwamba ndivyo mtakavyowatendea haki wengine. Aliyepanda na kuwa mkurugenzi amefanya kazi, na ni vyema ajulikane. Naye muulizeni swali lile lile mlilomuuliza mwalimu: ulipoingia ofisi hiyo ulikuta nini, na umebadilisha nini? Baadhi yao watapata shida kulijibu kuliko mwalimu wa Kasulu.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, baba yetu mzazi alikuwa wakili na amefariki hivi karibuni. Tunapoandaa wasifu wake tumekuta cheti cha shahada ya sheria cha mwaka 1969 kinachosema Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Sisi watoto tulijua alisoma Dar es Salaam, lakini ndugu wengine wanasema ni Nairobi kwa kuwa yeye ni Mkenya, na wengine wanasema ni Makerere. Tuandike nini?
Familia, Kisumu

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Andikeni vyote viwili, cheti na mahali, maana havipingani. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwapo kuanzia mwaka 1963 hadi katikati ya mwaka 1970, na kilikuwa na vyuo vishiriki vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisomea ualimu Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo hicho. Masomo ya gharama kubwa yaligawanywa ili nchi tatu zisijenge kitu kimoja mara tatu. Udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi ulikuwa Nairobi, na sheria ilikuwa Dar es Salaam, ambako kitivo hicho ndicho kilichofungua chuo mwezi Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Kwa hiyo Mkenya aliyepata shahada ya sheria ya chuo hicho mwaka 1969 alisoma Dar es Salaam. Kitivo cha sheria cha Nairobi kilianza baada ya muungano huo kuvunjika.

Swali lenu limenifurahisha, pamoja na majonzi yake, kwa kuwa linafungua ukurasa ambao vijana wetu wengi hawaufahamu. Amos Wako, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya kwa miaka ishirini kuanzia 1991, alisoma sheria hapo hapo katika miaka hiyo ya sitini. Benjamin Odoki, Jaji Mkuu wa Uganda kuanzia 2001 hadi 2013, ni zao la kitivo hicho hicho. Willy Mutunga alihitimu mwaka 1971, akarudi Nairobi kufundisha, akawekwa kizuizini mwaka 1982, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa kwanza wa Kenya kuteuliwa chini ya Katiba ya 2010. Miaka arobaini ilipita kati ya shahada na wadhifa huo. Nje ya sheria, Yoweri Museveni alisoma uchumi na siasa Dar es Salaam kuanzia 1967 hadi 1970.

Katika wasifu wa marehemu, basi, mnaweza kuandika hivi: "Alipata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1969, akisoma katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam." Na kama mna picha zake za Mlimani, au barua alizoandika nyumbani akiwa mwanafunzi, tengenezeni nakala na mzihifadhi mahali salama. Jumuiya za wahitimu zina majina mengi ya enzi hiyo, ila maisha yenyewe ya wanafunzi wa Kenya na Uganda waliokaa bweni moja na wenzao wa Tanzania hayajaandikwa vya kutosha.

SWALI: Nimekuwa muuguzi kwa miaka zaidi ya ishirini nikiwa na stashahada, na mwaka huu namaliza shahada ya kwanza Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nikiwa na umri wa miaka 47. Wenzangu kazini wananiuliza nitaifanyia nini. Je, inafaa nijiandikishe katika jumuiya ya wahitimu, pamoja na vijana wa rika la wanangu?
Muuguzi, Tanga

JIBU: Hongera sana, dada, na ujiandikishe bila kusitasita. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna yako hasa, wenye kazi na familia, wasioweza kuacha mshahara na kwenda kukaa bwenini. Usidhani uko peke yako kwa umri. Rais Samia Suluhu Hassan alianza kazi mwaka 1977 akiwa karani serikalini Zanzibar mara baada ya kumaliza sekondari, akapata stashahada ya juu ya utawala Mzumbe mwaka 1986, akasoma tena Manchester, Uingereza, katika miaka ya tisini, na shahada ya uzamili katika maendeleo ya uchumi wa jamii akaipata mwaka 2015, kupitia mpango wa pamoja wa Chuo Kikuu Huria na chuo kikuu kimoja cha Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 55, na mwaka huo huo akawa Makamu wa Rais.

Kuhusu utakachoifanyia, mengine yatategemea mwajiri wako. Uliza mapema idara ya utumishi kama muundo wa kada yako unaruhusu kubadilishiwa cheo baada ya shahada, na kama ni lazima cheti kithibitishwe kwanza, kwa sababu wengi husubiri barua ambayo hawakuwahi kuiomba. Hakikisha pia kwamba taarifa zako katika Baraza la Uuguzi na Ukunga zinaongezwa sifa mpya.

Utakapojaza fomu ya jumuiya, usiandike mwaka wa kuhitimu pekee. Taja mwaka ulioanza uuguzi, wodi ulizofanyia kazi, na somo la shahada ambalo wodi hizo zilikusaidia kulielewa. Wahitimu wa rika la wanao ambao bado hawajaripoti kituo cha kwanza cha kazi watanufaika kulisoma hilo.