Taksi inayoondoka tiki ya 7: ratiba ya mawakala walio ndani ya wengine

Chukua stegi ya taksi za kwenda Jinja, iliyoko Kampala. Ndani ya modeli kuna stegi, ndani ya stegi kuna taksi, ndani ya taksi kuna abiria 14. Anayeanza kuandika simulesheni ya mawakala (kila kitu kinachotenda chenyewe ni wakala) huandikisha kila kitu kwenye ratiba kuu, ile inayoamua nani aitwe lini, halafu ndani ya hatua ya mzazi, yaani wakala aliyebeba wengine, anaweka tena lupu ya kuwaita watoto. Hapo mtoto anaitwa mara mbili kwa tiki moja, yaani pigo moja la saa ya simulesheni. Programu haigomi wala haitoi ujumbe wa kosa. Inakupa jibu la uongo tu, tena lenye grafu ya kupendeza.

Amua mapema, na uandike juu ya klasi yenyewe: huyu anaitwa na nani? Ratiba kuu au mzazi wake, si wote wawili.

Kisha, kabla ya kuweka nasibu yoyote, fanya jaribio dogo. Stegi moja, taksi moja, abiria mmoja anafika kila tiki kuanzia tiki ya 1, na gari linaondoka likijaa. Lazima liondoke tiki ya 14. Likiondoka tiki ya 7, hatua ya stegi inaitwa mara mbili. Likiondoka ya 15, taksi inachunguza viti kabla stegi haijapakia abiria wa tiki hiyo, kwa hiyo inaona 13 na kusubiri. Kama tiki yako ni dakika 5, hizo ni dakika 5 za bure kila safari, na utakuja kuziandika kwenye ripoti ukidhani ni tabia ya abiria.

Dawa ya hiyo 15 ni awamu. Abiria wote wafike, ndipo taksi zote zipakie, ndipo zilizojaa ziondoke, na takwimu zichukuliwe mwisho kabisa. Ukiacha kila stegi imalize mambo yake yote kabla ya inayofuata, stegi ya kwanza kwenye orodha itawanyakua abiria wanaogombaniwa, siku nzima.

Awamu hupangwa kwa namba ya kipaumbele, na hapa wanaohama kutoka zana moja ya simulesheni kwenda nyingine huumia. Katika Repast Simphony namba kubwa hutangulia. Katika MASON namba ndogo ndiyo hutangulia. Zikilingana, zote mbili huchanganya mpangilio kwa nasibu, kwa hiyo kosa la tiki ya 15 litatokea leo na kesho lisitokee. Funga mbegu ya nasibu, yaani namba inayoanzisha bahati nasibu ya programu, ili kila mara upate mpangilio uleule unapotafuta kosa la namna hii.

Saa nayo. Abiria wanahitaji dakika, mapato ya siku yanahitaji siku. Fanya tiki iwe kipimo kidogo kuliko vyote, yaani dakika, na siku iwe tiki 1440. Usitumie tiki za 0.1. Ukijumlisha 0.1 mara kumi, kompyuta inapata 0.9999999999999999, si 1. Tukio la wakati huo na lile la tiki ya 1 hayako tena pamoja, na kipaumbele ulichokipanga kwa uangalifu hakitazamwi hata kidogo.

Mwisho, kushusha abiria. Kwenye Python, ukipita juu ya orodha ya abiria 14 huku ukimtoa kila unayemfikia, gari litatoka Jinja likiwa bado na abiria 7: kila anayetolewa, anayemfuata anarukwa. Java kwa kawaida hukupigia kelele ya ConcurrentModificationException, na afadhali hivyo. Pita juu ya nakala ya orodha, au kusanya wanaoshuka kwanza, uwatoe lupu ikiisha. Na kama abiria alikuwa na ratiba yake mwenyewe, ifute pia. Katika MASON, scheduleRepeating inakurudishia kitu cha kusimamisha. Kihifadhi ndani ya wakala, uite stop() anaposhuka. Usipofanya hivyo, abiria aliyekwisha kufika ataendelea kuitwa kila tiki, na kumbukumbu ya kompyuta itajaa watu ambao hawapo.