Maswali ya Wasomaji: Wateja Watatu, Seva Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia seva yenye PostgreSQL (programu ya kuendesha hifadhidata) toleo la 14, na ndani yake zimo hifadhidata za wateja wetu watatu: duka la dawa, shule na SACCOS. Kila mteja ana mtumiaji wake na nywila yake. Hivi karibuni niligundua kwamba mtumiaji wa duka anaweza kuingia katika hifadhidata ya SACCOS. Niliandika REVOKE CONNECT ON DATABASE saccos FROM duka. Seva ikaipokea amri bila kulalamika, lakini mtumiaji huyo bado anaingia, na anaona majina ya hifadhidata zote. Nifanye nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Seva haikulalamika kwa sababu amri yako iliandikwa sawasawa, tatizo ni kwamba ulimnyang'anya mtumiaji wa duka haki ambayo yeye binafsi hakuwahi kupewa. Katika PostgreSQL, kila hifadhidata mpya inapoundwa, haki ya kuingia na ile ya kuunda majedwali ya muda hutolewa papo hapo kwa PUBLIC, yaani kwa kila mtumiaji wa seva hiyo, wa leo na hata atakayesajiliwa mwakani. Haki za mtumiaji hujumlishwa, zake mwenyewe pamoja na za PUBLIC, na hakuna amri ya kumzuia mmoja asipate kile walichopewa wote. Kwa hiyo huna budi kuwaondolea wote kwanza, kisha umpe mhusika peke yake:

REVOKE ALL ON DATABASE saccos FROM PUBLIC;
GRANT CONNECT ON DATABASE saccos TO saccos_app;

Rudia hivyo kwa duka na kwa shule, ukiweka jina la mtumiaji unayemtumia kwa kila mteja. Baadaye fungua psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, uandike \l, uangalie safu ya mwisho inayoonyesha haki. Ukikuta maandishi yanayoanza na =Tc/ bila jina lolote kabla ya alama ya usawa, PUBLIC bado anayo ruhusa. Safu hiyo ikiwa tupu, usifurahi: utupu huo unamaanisha kwamba haki za awali hazijaguswa, na haki za awali ndizo hizo zinazomruhusu kila mtu. Kumbuka pia kwamba katazo hili halirithiwi kutoka katika hifadhidata ya kiolezo, ile ambayo mpya hunakiliwa kwayo, hivyo mteja wa nne akija itabidi uandike amri hizo upya. Ziweke ndani ya skripti unayotumia kuunda hifadhidata.

Kuingia si sawa na kusoma. Mtumiaji wa duka aliyeingia kwa SACCOS hawezi kusoma jedwali la mikopo mpaka apewe haki yake, ila anaweza kuona majina ya majedwali na safu zake, jambo ambalo mteja wako hangelipenda. Isitoshe, katika toleo la 14 kila aliyeingia anaweza kuunda majedwali yake katika skima ya public, yaani sehemu ya ndani ya hifadhidata yenye jina hilo. Ruhusa hiyo ya jumla iliondolewa kuanzia toleo la 15 la mwaka 2022, na hata hapo kwa hifadhidata mpya tu. Wewe ingia katika kila hifadhidata uandike REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC.

Baada ya hapo nenda kwenye faili la pg_hba.conf, ambalo huamua nani anabisha hodi kutoka wapi kabla haki za ndani hazijaulizwa. Mstari wa SACCOS uwe hivi, kwa mpangilio wa aina ya muunganisho, hifadhidata, mtumiaji, anwani anakotoka na njia ya kuthibitisha nywila:

hostssl saccos saccos_app 10.0.0.12/32 scram-sha-256

Seva husoma faili hili kutoka juu kwenda chini na kufuata mstari wa kwanza unaolingana. Nywila ikikataliwa hapo, haiendi kujaribu mstari unaofuata. Wasimamizi wengi huongeza mistari mizuri chini kabisa huku juu wakiuacha ule wa zamani wenye all all (hifadhidata zote, watumiaji wote), na kazi yote inakuwa bure. Ufute. Kisha andika SELECT pg_reload_conf() ili mabadiliko yasomwe. Waliokwisha kuingia hawatatolewa na hatua yoyote kati ya hizi. Watafute katika pg_stat_activity, orodha ya waliounganishwa, uwakate kwa pg_terminate_backend.

Kuhusu majina, hutaweza kuyaficha kwa njia ya kawaida, kwa kuwa orodha ya hifadhidata ni ya seva nzima na husomwa na kila aliyeingia mahali popote. Wapo wanaojaribu kuifunga orodha yenyewe, na wanaishia kuharibu programu za usimamizi. Mimi ningechagua majina yasiyosema kitu, au, kwa SACCOS inayotunza taarifa za fedha za wanachama, ningeanzisha klasta ya pili (yaani PostgreSQL nyingine inayojitegemea) katika mashine hiyo hiyo, kwenye poti ya 5433, yenye watumiaji wake yenyewe. Ubuntu ina amri ya pg_createcluster kwa kazi hiyo.

Hakikisha pia kwamba hakuna programu ya mteja inayoingia kama postgres. Huyo ndiye mtumiaji mkuu, hapimwi kwa haki yoyote kati ya hizi, na amri zote za REVOKE ulizoziandika hazitamgusa. Nakala za akiba nazo zitolewe moja moja kwa pg_dump. Faili la pg_dumpall hubeba data za wote pamoja na nywila zilizofumbwa, na halifai kukabidhiwa mteja hata kwa dharura.

SWALI: Natumia MySQL, programu nyingine ya hifadhidata. Nilimpa mtumiaji haki juu ya shule_a, naye anaingia pia katika shulexa. Kwa nini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Katika amri ya GRANT ya MySQL, kistari cha chini ndani ya jina la hifadhidata husimama badala ya herufi yoyote moja. Futa haki ya awali, kisha uandike `shule\_a`.* ukiweka mkwaju wa nyuma kabla ya kistari hicho.