Sayyid Jamshid na ukoo wake: maswali yenu na majibu

Sayyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, alifariki dunia mjini Muscat tarehe 30 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 95. Tangu siku hiyo maswali juu yake hayajakatika. Leo nawajibu wale walioniuliza yaliyojirudia zaidi.

Msomaji wa Mombasa: Mimi najua alikuwa mtoto wa Seyyid Khalifa. Mwenzangu anabisha. Nani mkweli?

Mwenzako. Jamshid alikuwa mjukuu. Seyyid Khalifa bin Harub alikalia kiti tangu Desemba 1911 hadi Oktoba 1960, karibu miaka 49, ndiyo maana wazee wengi humkumbuka yeye tu. Akafuata mwanawe, Seyyid Abdullah, ambaye hakufikisha hata miaka mitatu. Abdullah alipofariki tarehe 1 Julai 1963, zamu ikawa ya Jamshid, mtu wa miaka 33, mzaliwa wa Unguja aliyesoma Alexandria kule Misri.

Hesabu siku zake: kuanzia tarehe hiyo hadi Mapinduzi ya 12 Januari 1964 hazifiki 200. Na kama mkuu wa nchi huru, alipata mwezi mmoja na siku mbili. Bendera iliyopandishwa siku ya uhuru, 10 Desemba 1963, ilikuwa nyekundu, katikati duara la kijani, na ndani ya duara karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Ilipepea siku 33 ikashushwa.

Wa Tanga: Si huyu aliyepigana na Waingereza ile vita ya dakika 38?

Hapana, yule ni Sayyid Khalid bin Barghash, na hayo ni mambo ya 27 Agosti 1896, miaka 33 kabla Jamshid hajazaliwa. Khalid aliingia kasri bila ridhaa ya Waingereza baada ya Sultani Hamad bin Thuwaini kufariki, nao wakaipiga mizinga. Akakimbilia ubalozi wa Wajerumani, wakampeleka Dar es Salaam. Mwaka 1916 Waingereza walimkamata huko wakamhamishia visiwa vya mbali, na mwisho alifia Mombasa mwaka 1927. Ukoo mmoja, watu wawili, na wote wawili waliondoka Unguja kwa njia ya bahari.

Wa Muscat: Hapa kwetu wengine husema Jamshid alikuwa wa tawi la Zanzibar, wengine la Oman. Ipi sahihi?

Swali hili nimelipenda kuliko yote, na naomba mnivumilie kidogo.

Wote wanaanzia kwa Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar pamoja. Alipofariki mwaka 1856 watoto wake wakagombana: Thuwaini alikuwa Muscat, Majid alikuwa Unguja. Mwaka 1861 Waingereza wakakata shauri, kila mmoja abaki na upande wake, na Zanzibar iilipe Muscat riali 40,000 kila mwaka. Thuwaini akaikosa Unguja.

Sasa tazameni yaliyotokea. Huyo Sultani Hamad niliyemtaja hapo juu ni mtoto wa Thuwaini. Seyyid Khalifa ni mtoto wa Harub bin Thuwaini, na alizaliwa Muscat. Kwa hiyo kile kiti ambacho Thuwaini alikikosa, mjukuu wake alikikalia karibu nusu karne. Khalifa naye alimwoa Sayyida Matuka, binti wa Sultani Hamud bin Muhammad, wa tawi la Unguja, na huyo ndiye mama yake Abdullah.

Chukua kalamu ushuke nami. Kwa upande wa babu: Said, Thuwaini, Harub, Khalifa, Abdullah, Jamshid. Kwa upande wa bibi: Said, Muhammad, Hamud, Matuka, Abdullah, Jamshid. Vizazi ni sawasawa. Jamshid ni kining'ina wa Sayyid Said kwa njia zote mbili, ya Muscat na ya Unguja. Basi hao wanaobishana hapo kwenu wote wana haki.

Wa Pemba: Alifanya ubaya gani hata akapinduliwa?

Ndugu yangu, kwa katiba ile sultani hakuwa mwendesha serikali. Serikali ilikuwa mikononi mwa waziri mkuu, Mohammed Shamte. Kisa kikubwa kipo kwenye uchaguzi wa Julai 1963: chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilipata zaidi ya nusu ya kura, kama asilimia 54, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. Vyama vya ZNP (Zanzibar Nationalist Party) na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) vikaungana kwa viti 18 vikaunda serikali. Ukichanganya hilo na kumbukumbu ya utumwa, suala la ardhi, na chuki iliyochochewa kwa miaka, unaona moto ulikotoka. Kiti cha sultani kilibeba historia yote hiyo, na aliyekuwa amekikalia siku hiyo ni Jamshid.

Wala siwezi kuandika haya nikawasahau maelfu waliouawa siku zile, wengi wao watu wa kawaida wasio na kiti wala cheo. Nyumba nyingi bado zina msiba ambao haujazungumzwa.

Wa Nairobi: Ni kweli Kenya ilimkatalia? Na kwa nini Oman hawakumchukua mapema?

Ni kweli. Alitoka na jamaa zake kwa meli ya kifalme iliyoitwa Seyyid Khalifa, jina la babu yake. Mombasa hawakuruhusiwa kushuka, wakarudi kusini hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo akasafirishwa kwa ndege hadi Uingereza. Akaishi Southsea, mji wa pwani ulio sehemu ya Portsmouth, katika nyumba ya kawaida mtaani, zaidi ya nusu karne, bila makelele. Hilo mimi namheshimu nalo sana.

Oman ilimkatalia kwa miaka mingi kwa sababu za kiusalama, ingawa watoto wake walikubaliwa kuhamia huko miaka ya 1980. Ruhusa yake ilikuja Septemba 2020, mwaka ambao Sultani Haitham alishika madaraka, na akapokewa kama mmoja wa ukoo, si kama sultani. Alikuwa anatimiza miaka 91. Hebu fikiria mzee kungoja umri huo ndipo akae karibu na watoto wake.

Wa Arusha: Nani mrithi wake?

Hakuna cha kurithi. Ameacha watoto na wajukuu, nao ni masayyid na masayyida kwa nasaba. Zanzibar ina rais wake na katiba yake.

Wa Unguja: Nikitaka kuwaonyesha wanangu alipoishi ukoo huu, niwapeleke wapi?

Wapeleke Mji Mkongwe, ukingo wa bahari wa Mizingani. Baada ya Mapinduzi kasri iliitwa Kasri la Wananchi, na tangu 1994 ni makumbusho. Kuna chumba cha kumbukumbu ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyeolewa na Mjerumani. Halafu wapandishe juu, kwenye vyumba vya zama za Seyyid Khalifa. Watategemea dhahabu, kumbe watakuta samani za miaka ya 1950, pamoja na kabati la fomaika kama lile la kwa bibi yao. Waache wasimame hapo kidogo.

Kando ya kasri kuna makaburi ya ukoo, na Sayyid Said amelala hapo. Wakikuuliza la Jamshid, waambie liko Muscat.