Maswali na majibu: PostgreSQL, faili za muda na amri ya ON CONFLICT

Kila usiku tunapakia rekodi za mauzo katika hifadhidata yetu ya PostgreSQL kwa INSERT … ON CONFLICT DO UPDATE. Diski hujaa amri ikiendelea, kisha nafasi hurudi yenyewe. Je, ON CONFLICT ndiyo inayokula diski?

Kwa kawaida siyo. ON CONFLICT, iliyoingia katika toleo la 9.5 mwaka 2016, hushughulikia rekodi moja moja: hutafuta ufunguo katika faharasa ya kipekee, ikiukuta husasisha, isipoukuta huingiza. Chunguzeni SELECT inayoilisha, hasa yenye DISTINCT (huondoa marudio), ORDER BY (hupanga matokeo) au muungano wa majedwali makubwa, kwa sababu hatua ya kupanga data inayozidi kiwango cha work_mem (kumbukumbu ya RAM ambayo hatua moja inaruhusiwa kutumia), ambacho msipokibadilisha ni megabaiti 4 tu, humwaga data katika faili za muda ndani ya folda ya pgsql_tmp, nazo hufutwa kazi inapokwisha. Wekeni log_temp_files kuwa 0, na kila faili ya namna hiyo itaandikwa kwenye logi za seva pamoja na ukubwa wake. EXPLAIN ANALYZE, amri inayoeleza jinsi amri nyingine inavyotekelezwa, nayo huonyesha hatua iliyokwenda diskini, ila huitekeleza amri kwelikweli, kwa hiyo itangulizeni BEGIN na kuimalizia kwa ROLLBACK ili mabadiliko yatenguliwe.

Basi nipandishe work_mem hadi gigabaiti 1?

Si kwa seva nzima. Kiwango hicho huhesabiwa kwa kila hatua ya kupanga, wala si kwa kila mtumiaji, hivyo miunganisho mingi ikifanya kazi kwa pamoja inaweza kumaliza RAM yote ya mashine. Tumia SET LOCAL ndani ya muamala wa upakiaji pekee. Mimi ningeanza kwa kuuliza kama DISTINCT yenyewe inahitajika: wengi huiweka kwa kuwa DO UPDATE hukataa kugusa rekodi moja mara mbili katika amri moja, ilhali marudio hayo yangeweza kuondolewa data inapoandaliwa.

Hakuna faili za muda, lakini amri bado ni nzito na jedwali linavimba.

Kila usasishaji huandika nakala mpya ya rekodi, hata kama hakuna kilichobadilika, na ile ya zamani hubaki hadi VACUUM, kazi ya kusafisha nakala zilizokufa, ipite. Ongeza kwenye DO UPDATE sharti la WHERE yenye IS DISTINCT FROM (huuliza kama thamani mpya inatofautiana na ya zamani) ili rekodi zisizobadilika zirukwe.

Tukipitishia data katika jedwali la muda?

Ni sawa, lakini endesheni wenyewe ANALYZE, amri inayokusanya takwimu za jedwali, kwa kuwa autovacuum, inayofanya kazi hiyo yenyewe kwa majedwali ya kawaida, haifikii majedwali ya muda.